Wagonjwa Waliojirudia

Jumatatu, 3 Machi
Nafasi ya mkuu wa kumbukumbu hapa kliniki iko wazi. Ni yangu! Miaka tisa nakaa dirishani nikiandikisha wagonjwa. Kikwazo ni Bi Mpole, fundi wa data, mgeni wa miezi minne. Daktari Mkuu amesema cheo ni cha atakayeifanya kompyuta itafute majina haraka. Leo jina moja limetafutwa dakika sita. Mgonjwa akaketi, akasinzia, akapona, akaondoka.

Jumanne, 4 Machi
Nimechungulia kazi ya Bi Mpole. Anasema kila mgonjwa akija tunamwandika upya, jina, anwani, simu, ndiyo maana kompyuta inapekua yaleyale. Mzee mmoja wa kikohozi yumo mara thelathini na moja! Dada huyu ana kichwa. Ila analinganisha mtu kwa mtu, taratibu. Mimi sina muda huo. Namba ya simu ikijirudia, nabakiza mmoja, wengine nafuta.

Jumatano, 5 Machi
Nimefuta tangu asubuhi. Imebaki robo ya orodha. Majina yanatokea kabla sijainua kidole!
Saa nane mama mkwe kaja kupima presha. Hayumo. Nilimwandikisha kwa namba yangu, na aliyebaki ni mimi. Wanangu pia hawamo. Kumbe nusu ya mji inatumia simu ya mtu mmoja nyumbani! Mama mkwe akaniuliza, mbele ya foleni, kama nimemfuta makusudi. Nimekoma.

Alhamisi, 6 Machi
Bi Mpole amewarudisha wote kabla ya chai; kawatoa kwenye mashine ya pili, sijui walifikaje huko. Hakunisema hata kwa Daktari Mkuu. Kisha akanionyesha kazi yake: kila mtu yumo mara moja tu, simu zina jedwali lake, ziara za kliniki zina lake, na watu watano wanashiriki namba moja bila kugombana. Mama mkwe akatokea kwenye skrini kufumba na kufumbua, na vipimo vyake vya miaka sita. Nilitaka kununa, nikashindwa. Jamani, kazi safi!

Ijumaa, 7 Machi
Cheo kapewa yeye. Nimepiga makofi mpaka viganja vikauma, na wala si unafiki. Kaniteua msaidizi wake! Sitaki ajute. Alipoondoka nikaanza kusaka marudio aliyoyasahau. Nikayapata! Kwenye mashine ya pili kuna kliniki yetu nzima, mgonjwa kwa mgonjwa, kila kitu mara mbili. Bingwa wangu kapitiwa. Nimeifuta yote. Jumatatu atafurahi huyo!