Bajeti ya Maua ya Kalnupe

Wizara ya Ulinganisho ya Latvia ina furaha kubwa kuutangazia ulimwengu kwamba, kwa matumizi ya elimu kwa kila mwanafunzi, nchi imeipita Estonia. Haikuipita kidogo. Imeipita hadi ukigeuka nyuma, Estonia haionekani.

Ushindi huo ulikuwa wa mtu mmoja, Mkurugenzi Valdemārs Krūklis. Kila mwaka takwimu zilipotoka Estonia ilikuwa juu, na kila mwaka Waziri alimwita na kumuuliza kama anajua bei ya viazi, maana huenda karibuni atakuwa anaviuza sokoni. Safari hii Krūklis aliapa: afe, apone, Waestonia watakula vumbi.

Kuongeza pesa shuleni hakukufikiriwa. Huo ungekuwa ujanja usio wa haki, kununua ushindi kwa fedha.

Jibu alilipata asubuhi ya mosi Septemba, shule zilipofunguliwa. Njia nzima ilikuwa watoto, kila mmoja amekumbatia maua ya mwalimu wake, kama ilivyo desturi. Krūklis akasimama ghafla.

"Maua haya nani kalipia?" alimuuliza msaidizi wake, Zigrīda.

"Wazazi, bosi."

"Mzazi si mlipa kodi?"

"Ni mlipa kodi."

"Na serikali ni nani, kama si walipa kodi?"

Zigrīda aliifikiria kazi yake. "Ni wao, bosi."

Basi maua ya nchi nzima yakahesabiwa kama matumizi ya serikali, kwa bei ya maduka ya Riga ya siku ileile, siku ambayo wauza maua hawana huruma. Iliyoongoza ni shule ya Kalnupe, kijiji cha mbali mashariki. Wanafunzi wake ni wachache, ila kila bibi kijijini ana bustani na huleta maua hata kama hana mjukuu darasani. Ukigawanya kwa kila mwanafunzi, Kalnupe ilikuwa shule tajiri kuliko zote Ulaya.

Haukupita muda, mwalimu mkuu wa Kalnupe, Mirdza Apsīte, akapiga simu.

"Bwana Mkurugenzi, boila yetu ya kupasha madarasa joto imekufa. Theluji ikianza, watoto hawatakuwa na pa kusomea."

"Wewe tena, Mwalimu? Tajiri wetu!"

"Maua yamenyauka, bwana."

"Huo ni uchakavu wa kawaida wa mali. Tumeshauweka kwenye hesabu."

"Mungu akupe akili," alisema mwalimu, akakata simu.

Waziri alivimba kichwa. Alialika waandishi wa habari, akawalisha keki, kisha akamwita Krūklis.

"Nimeisoma ripoti yako yote."

Krūklis alishtuka. Halikuwahi kutokea jambo kama hilo wizarani.

"Jengo letu limechakaa," Waziri aliendelea, "na pesa za kulikarabati hazipo. Idara yako nitaihamishia penye neema, shuleni Kalnupe. Utaanza wewe, unipokelee ujumbe wa Estonia mwezi Januari. Watakuja Kalnupe kujifunza."

Krūklis aliikumbuka ile simu ya Mwalimu. Kusema boila imekufa ilikuwa sawa na kusema ripoti ni ya uongo. Akainama. "Ni heshima kubwa, Mheshimiwa."

Novemba ilimkuta Kalnupe, kwenye dawati la mtoto, magoti yamegusa kidevu, makoti mawili mwilini. Mdomo wake ulitoa moshi bila sigara. Akampigia Zigrīda, ambaye sasa alikaimu nafasi yake Riga, karibu na hita.

"Tuma pesa za boila, dada yangu. Nakufa."

"Nikituma, kwenye hesabu Kalnupe itakuwa na shida, bosi. Ikiwa na shida, tumeshindwa na Estonia. Nimwambie Waziri?"

Krūklis akafunga vifungo vya koti la pili. "Usimwambie."

Mlango ukafunguka. Mwalimu Apsīte aliingia na kapu, akaanza kukusanya vitabu na chaki.

"Watoto wako wapi?" Krūklis aliuliza, meno yakigongana.

"Kwa bibi Veronika, jikoni. Anaoka mkate, kuna moto mpaka jioni. Tutasomea huko hadi majira ya kuchipua."

"Basi nami nakuja."

"Wewe?" Mwalimu alimtazama kwa huruma ya kweli. "Nafasi haitoshi, bwana, na jiko lile ni la watu maskini. Wewe kaa na bajeti yako."

Akatoka, akarudishia mlango vizuri ili joto lisipotee.