Vidonge Vyekundu vya Daktari Kitavi

Kitavi hakuwahi kununua gazeti maishani. Asubuhi hiyo ya mwaka 2009 alikuwa amesimama kwenye barabara ya Tom Mboya pamoja na wasomaji wengine wa bure, muuza magazeti akiwanunia, alipousikia ubishi uliompendeza. Madaktari walikuwa wametofautiana. Wengine walitaka kila mtu mzima ameze aspirini kila siku kuzuia kiharusi na ugonjwa wa moyo. Wengine walisema asiyewahi kuugua aiache, isije ikamtoa damu tumboni.

"Sasa sisi tusikize nani?" mzee mmoja akauliza.

"Mimi," Kitavi akajibu kimoyomoyo.

Kufikia Jumamosi alikuwa na koti jeupe, mashine ya presha ya mtumba, na aspirini alizozipaka maji mekundu ya bitiruti na kuzibatiza Moyo Safi. Kuisoma mashine hakujua, ila hilo halijawahi kumzuia mtu jasiri.

Akavamia kikao cha chama cha akiba cha akina mama mtaani Kileleshwa, nyumbani kwa Mama Cate, mwenye ploti ya kupangisha. Akapima mikono, akatikisa kichwa kwa huzuni, kila mmoja akaambiwa presha yake ni mia na tisini. Mikoba ikafunguka haraka. Mama Cate, ambaye kliniki ilimpima jana yake ikamkuta yuko sawa, naye akaambiwa mia na tisini. Hakubisha. Alinunua pakiti mbili, akaenda nazo jikoni kuangalia chapati.

Alirudi na kopo la majani chai.

"Daktari, kwangu mgeni hahudumii watu halafu aende bila kuhudumiwa. Hebu leta mkono."

Akabonyeza mpira, akaitazama mashine. Akawaita wenzake. Wote wakanyamaza, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea katika chama hicho.

"Ni... ni ngapi?"

"Kwani huoni? Mia mbili na arobaini. Ngai! Na bado unatembea?"

Babake Kitavi alikufa kwa kiharusi akiwa kijana tu. Kitavi akaogopa kikweli, ujanja wote ukamtoka.

"Mama, nisaidie!"

"Si uko na Moyo Safi?"

"Hiyo... hiyo ni ya akina mama."

"Haya." Akafungua kopo. "Kuna hizi dada yangu hunitumia kutoka Ujerumani. Lakini si bei rahisi, Daktari."

Kitavi akatoa mauzo yote ya siku, na nauli juu. Akashika njia kwa miguu, vidonge vya kwenye kopo amevifumbata kiganjani kama yai.

Alipofika bustani ya Arboretum akafungua kiganja kilicholowa jasho. Kilikuwa chekundu. Akakilamba. Bitiruti!

Akatukana, akacheka, akageuka arudi kudai haki yake, akakosa kujua ni haki gani. Hapo moyo ukamdunda, ndu, ndu, ndu. Akakumbuka kwamba madaktari bado wanabishana, akameza kidonge kimoja bila maji.