Ugali Si Nyaraka

Ndugu Katibu Tarafa, Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji na kamati yako nzima, waliopo na walioko shambani, Mheshimiwa Padri, ndugu mabalozi wa nyumba kumi kumi, walimu, wazee, kina mama, pamoja na ndugu zetu mlioegemea baiskeli: mwadila! (Umati: "Mwadila!") Mimi Gelasius, Afisa Maalumu wa Mradi wa Ajira kwa Waliotoka Gerezani, MAWAGE kwa kifupi, nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu mkubwa ambao hata mimi mwenyewe huwa unanishangaza. (Vigelegele.)

Kama mnavyofahamu, mtu akishafungwa, hata iwe miaka kumi iliyopita, kila anakoomba kazi anadaiwa barua ya tabia njema, balozi anaandika "aliwahi kufungwa", na safari inaishia mlangoni. Mfano hai ni ndugu yetu Alois yule pale, simama Alois wakuone, aliyekula miezi sita na kazi ngumu mwaka sitini na sita kwa kukutwa Rwamgasa na debe la mchanga wa dhahabu bila leseni, mchanga ambao, kwa mujibu wa uchunguzi wa kitaalamu, haukuwa na dhahabu hata punje. (Kicheko.) Tangu hapo ameomba ulinzi wa ghala la pamba mara nne, akanyimwa mara nne, na huo ni uthabiti wa asilimia mia moja. (Makofi.)

Ndiyo maana tukaja na kiwanda hiki cha magunia, ambacho fizibiliti yake, yaani upembuzi yakinifu, nimeisimamia mimi, semina zake tatu nimezihudhuria mimi, na suti hii nimeishonesha mahususi kwa ajili yake, kitakachoajiri watu mia nne kumi na wawili na nusu (sauti ya mama: "Nusu ni nani?"), nusu ni kibarua, mama, usinikatize, na sharti ni moja tu: mwombaji athibitishe kwa cheti kwamba kweli aliwahi kufungwa, maana wakisikia kuna kazi, hata watu wema watajipenyeza. (Makofi mengi.)

Sasa Alois amekwama hapo kidogo. Jalada lake lililiwa na mchwa kule bomani, kwa hiyo kiutaratibu huyu hajawahi kufungwa, hongera sana Alois, na kwa kuwa hajawahi kufungwa hatuwezi kumwajiri. (Mkewe, Mama Nyamizi, anasimama: "Shikamoo, Afisa. Mimi ndiye niliyempelekea ugali gerezani miezi yote sita! Ghalani wanasema ni mfungwa, kwako si mfungwa. Watoto wale nini?") Marahaba, mama. Swali zuri sana, nalipokea kwa mikono miwili, lakini ugali si nyaraka. (Kicheko kinaanzia nyuma, kinaenea mpaka kwa Padri.)

Ndugu wananchi, muda si rafiki. Nikisema MAWAGE, mseme Ajira! MAWAGE! ("Ajira!") Jela! ("Basi!") Mchwa! ("Wafungwe!")

Kwa kumalizia, namshukuru Mama Bernadina kwa kutuazima shamba lake la karanga liwe eneo la kiwanda hadi saa tisa, kwani saa tisa anataka kupalilia. Nawashukuru mafundi wa misheni kwa jiwe hili la msingi, ambalo naomba lipandishwe garini polepole, lisimeguke, kesho tunaliweka kwenye mkutano kama huu kule Ushetu. Alois, wewe una mabega, hebu tusaidie. Kwa kubeba jiwe hatuulizi cheti. (Alois analiendea jiwe. Anageuka. Analikalia. "Sibebi! Nimelikalia jiwe la serikali mbele ya watu wote. Mwiteni polisi anifunge leo, nipate cheti kipya, nikitoka nije kazini.")

(Umati unarukaruka: "Afungwe! Afungwe!" Polisi anayelinda mkutano anaanza kusogea. Mama Nyamizi anapiga vigelegele kuwashinda wote.)

Polisi, tafadhali, baki hapo hapo ulipo! Asifungwe mtu! Ndugu zangu, mnataka kuniua? Huyu akishapata cheti, mimi nitampeleka kiwanda kipi? Asanteni kwa kunisikiliza.