Kampuni Isiyo na Ofisi Wala Mbuzi

Jumatatu, 4 Novemba
Mgongo umekufa. Zege tangu asubuhi hapa saiti ya Sokon One, na kwetu Kasulu ni mbali. Lakini leo nimekuwa mkurugenzi! Nimefungua kampuni ya kulisha sherehe, ndani ya kundi la WhatsApp. Haina ofisi wala stoo. Mzee Yiamat wa Oldonyo Sambu ana mbuzi. Prisca wa kule Maji ya Chai ana ndizi. Vaileth anapika. Hawajuani. Mimi nina bando. Oda ya kwanza: kipaimara cha binti wa Mama Aikande, Jumapili. Ikienda vizuri, sepetu naiaga.

Jumanne, 5 Novemba
Nimemweleza Prosper, fundi ninayemsogezea zege. Akacheka mpaka akashika ukuta. Eti kampuni ya hewani italisha watu hewa. Wivu tu! Niliishia darasa la sita, linatosha kuongoza watu.

Alhamisi, 7 Novemba
Matatizo madogo. Prisca hakati ndizi mpaka amwone mpishi. Vaileth haleti sufuria mpaka amwone mbuzi. Wote nimewaambia mimi napatikana saiti. Mzee Yiamat haandiki. Anatuma sauti, ndefu, Kimaasai kitupu. Sikuelewa hata neno. Lakini mkurugenzi akiulizauliza atadharauliwa. Nikamjibu kwa dole gumba. Akatuma nyingine. Dole gumba. Ushirikiano umeiva!

Mama Aikande kapiga simu. Nikamwamkia. Akasema marahaba mwanangu, ofisi yenu iko wapi? Nikamjibu siku hizi ofisi ni simu. Akaguna. Akasema binti yake hatapata kipaimara mara mbili, nisije nikamwaibisha mbele ya mchungaji.

Jumamosi, 9 Novemba
Balaa! Mzee Yiamat katua saiti na mbuzi, pamoja na wazee wa rika lake. Wakachinja palepale, kando ya kokoto. Nikapiga kelele. Akanishangaa, kwa Kiswahili safi: si nilikubali? Alishasema kwenye zile sauti hafanyi ushirika na watu asiokula nao nyama, mbuzi wa kwanza ni wa washirika. Nikamwuliza kwa nini hakusema kwa Kiswahili. Akasema nilivyojibu haraka, alijua mimi ni mtu wa kwao.

Vaileth naye alikuja kumwona mbuzi, Prisca kumwona mpishi. Wakala, wakacheka, wakapanga mambo. Mimi nikatumwa maji. Prosper alipewa paja! Mimi figo. Nilikula. Sitasema uongo, ilikuwa tamu.

Jumapili, 10 Novemba
Kipaimara kimefana. Mbuzi wengine wamekuja alfajiri, ndizi tele, mchungaji kaongeza sahani. Mimi nilizuiwa getini, yote nimechungulia. Nikasema mimi ndiye mkurugenzi. Mama Aikande akasema pole baba, yeye anafanya kazi na Prisca. Kumbe wale watatu wamefungua kundi lao. Kwenye langu nimebaki peke yangu.

Nimekaa, nimetafakari, kosa nimeliona. Niliungana na watu wenye mali. Mwenye mbuzi akishakutana na mwenye ndizi, mkurugenzi wa nini? Kampuni mpya itakuwa ya watu wasio na kitu. Tayari tuko wanne, na hakuna mwenye hata kuku. Kesho natafuta oda ya harusi.