Pezi Nililomchagulia Fanueli

Jumatatu, 26 Januari 2026

Riziki imebisha hodi! Bi Leticia, mwenye nyumba ya wageni hapa ufukweni Moa, anatafuta mtu wa kuwafundisha wageni kuteleza baharini kwa ubao wenye tanga. Mwalimu! Mshahara wa kila mwezi, chakula cha mchana, na fulana yenye jina kifuani.

Tumejitokeza wawili tu. Mimi, Badru, mzaliwa wa pwani, miaka thelathini na sita. Na Fanueli. Fanueli kwao Amani! Milimani, kwenye ukungu, ambako watu huoga kwa kukimbia. Nilimwuliza kwa upole kama ana habari kwamba maji ya bahari yana chumvi. Akajibu kwamba mchezo huu ameufanya miaka miwili Pangani. Haidhuru. Bahari ina wenyewe.

Jumapili alasiri tunashindana. Maboya matatu, unazunguka kila moja, unarudi. Wa kwanza kufika ndiye mwalimu.

Lazima niipate kazi hii. Shangazi Mwamvua, ambaye naishi kwake, ameshatangaza mbele ya majirani: Februari ikiingia sina kazi, naingia naye kwenye shamba la mwani. Mimi! Kiuno kimepinda, maji magotini, nafunga mwani kwenye kamba huku wanawake kumi na wanne wakinicheka. Nimekosa hamu ya chakula. Nilikula sahani moja tu.

Jumanne, 27 Januari

Vifaa vimetolewa stoo. Mbao mbili: mmoja mrefu mwembamba, mwingine mfupi mpana. Na boksi la mapezi. Pezi linafungwa chini ya ubao, huku mkiani, kwa skrubu mbili. Ndilo linaloshika maji ili ubao usiteleze ubavu.

Fanueli akaanza kutoa somo ambalo hakuombwa. Eti ubao mrefu hukimbia umenyooka, mfupi hugeuka upesi. Eti pezi refu hung'ang'ania njia, fupi huachia. Eti usichague kimoja bila kutazama kingine. Sikumsikiliza. Nilichukua ubao mrefu, nikaufungia pezi refu kuliko yote. Urefu juu ya urefu!

Wallahi, raha niliyoipata siwezi kuiandika. Upepo tele, ubao unakata maji, mimi nimeegemea nyuma nimeshika tanga kama mtu mwenye cheo. Nikawapungia mkono watu wa ufukweni.

Kisha likaja boya. Nikaegemea kulia. Ubao ukaenda mbele. Nikaegemea zaidi. Mbele! Nikausihi, nikautukana, nikausomea dua. Boya la kwanza likapita, la pili likapita, la tatu nililiona kwa mbali tu. Simu niliyoivaa shingoni ndani ya mfuko wa plastiki ikalia. Ujumbe. Kampuni ya simu inanikaribisha Kenya.

Kenya! Nimesafiri nje ya nchi nimevaa kaptula.

Wavuvi walinivuta kwa kamba kunirudisha, wakisimamisha kila chombo tulichopishana nacho ili wasimulie upya. Mmoja alitaka kujua kama nimeleta mzigo.

Alhamisi, 29 Januari

Jana nilipumzisha mikono. Leo nimegundua siri: fanya kinyume cha Jumanne. Ubao mfupi mpana, pezi dogo kuliko yote, halizidi kiganja.

Unageuka! Ukiufikiria tu unageuka. Niligeuka mara saba mfululizo kwa furaha, hata pale pasipo na boya. Niliimba. Nilimwona Bi Leticia amesimama barazani kunitazama.

Tatizo ni lile lililokuwa likitokea kati ya kona na kona. Pezi halikushika kitu. Ubao ulielekea mbele, lakini mwendo wote ulikuwa wa ubavuni, kusini, kusini, mpaka nikajikuta nimenasa kwenye kamba za mwani katikati ya Shangazi Mwamvua na wenzake wote kumi na watatu. Walicheka hadi mmoja akadondosha kikapu.

Shangazi alisema maadamu nimeshafika, nishike kamba. Akaongeza kwamba Jumapili ni bamvua, maji yatatoka mbali, wataingia kuvuna tangu asubuhi na mikono inahitajika. Nikasema nina mashindano. Akasema mashindano ni alasiri, maji yakishajaa. Nikasema nina mafua. Nikakohoa kwa ushahidi.

Ijumaa, 30 Januari

Baada ya swala nilikaa nikatafakari. Ubao mfupi unageuka. Pezi refu linashika. Basi viungane! Ajabu hakuna aliyewahi kuliwaza hili.

Upepo ulikuwa mkali. Nikaenda kasi ambayo sijapata kuiona, na kadiri nilivyoongeza kasi ndivyo pezi lilivyokuwa likinyanyua ubao kutoka chini. Ukasimama kwa ubavu. Mimi nikaenda zangu juu, tanga likaenda zake, tukakutana tena majini. Nilikunywa bahari kama lita mbili.

Fanueli akaja kunisaidia kuinua tanga, ingawa sikumwita. Akasema pezi kubwa mno chini ya ubao mdogo, ukishika kasi, hukuinua ukashindwa kuutawala. Akanishauri nifunge la kati. Nikamwambia nilikuwa mbioni kulifunga.

Nililifunga. Inauma kuandika haya: lilifaa kabisa. Ubao haukuteleza ubavu wala haukunirusha. Nilizunguka maboya yote matatu, nikarudi nikiwa mkavu kuanzia magotini. Nilipiga kelele za furaha peke yangu mpaka mbwa wa Bi Leticia naye akabweka.

Kisha akaenda Fanueli. Kachukua ubao mrefu, ule ule wangu wa Kenya, lakini kaufungia pezi fupi kidogo. Akifika kwenye boya anarudi nyuma hatua mbili mpaka mkiani, pua inanyanyuka, na ubao unageuka kwa adabu. Kwangu haukuwa na adabu hiyo! Kona zake ni pana kuliko zangu, lakini kwenye njia iliyonyooka ananiacha mbali. Kwa haki simuwezi. Itabidi kutumia akili.

Jumamosi, 31 Januari

Fanueli alikwenda mazoezi ya kwaya. Mimi nilikwenda stoo.

Ndani ya boksi kuna pezi moja ambalo hatujaligusa sote wawili. Mapezi mengine yamesimama wima. Hili limelala kuelekea nyuma, hoi, kana kwamba lilisahauliwa juani likalegea. Bovu! Nikafungua pezi la Fanueli, nikamfungia hilo. Skrubu mbili, dakika tatu. Lake nimelificha chini ya magunia.

Dhamira ilinisuta njia nzima. Nyumbani nilikuta chai na mkate wa kumimina, ikanyamaza.

Jumapili, 1 Februari

Asubuhi wanawake walivuna. Mimi nilibaki kitandani na mafua yangu.

Saa tisa alasiri tukajipanga. Fanueli aliugeuza ubao wake, akaliona pezi. Akatazama baharini, akatazama pezi, akatazama tena baharini. Akaitikia kwa kichwa. Nikajua amekata tamaa.

Upepo mzuri! Nikatangulia. Boya la kwanza nililizunguka vizuri mno, watu wakashangilia, nikasikia jina langu. Mbele kidogo ubao ukaanza kuwa mzito. Nikavuta tanga, ukawa mzito zaidi. Nikachungulia nyuma.

Mwani! Vipande vyote walivyopukutisha asubuhi wakati wa kuvuna, maji ya bamvua yalijaa yakavizoa na kuvitawanya kote, na pezi langu lililosimama wima lilikuwa linavikusanya kimoja kimoja. Nilikuwa naburuta shamba. Kwenye boya la pili ubao ulikataa kugeuka, na kisha ukasimama kabisa.

Fanueli akanipita. Kwenye lile pezi lake lililolala mwani ulikuwa unagusa na kuteleza kuelekea nyuma, unaondoka. Kazi yake ndiyo hiyo! Halikuwa bovu. Lilitengenezwa hivyo makusudi kwa ajili ya bahari yenye majani. Nilipofika ufukweni, nimebeba ubao kichwani, yeye alikuwa anamaliza dafu la pili.

Bi Leticia akauliza ni nani aliyechagua pezi lile, maana huyo anaijua bahari ya Moa. Fanueli, kwa ukweli wake wa kuudhi, akasema si yeye. Alikuwa amesahau kabisa habari ya mavuno. Alilikuta limefungwa, akaelewa, na aliyelifunga amemwokoa.

Ningenyamaza ningekuwa salama. Lakini Bi Leticia kasema huyo anaijua bahari! Kifua kikajaa. Nikasema ni mimi.

Makofi! Fanueli alinikumbatia, akasema hajapata kuona mshindani mwenye moyo kama wangu. Shangazi Mwamvua alinitazama, akacheka mpaka akakaa chini mchangani.

Kazi ya ualimu kapewa Fanueli. Ila Bi Leticia kanipa mimi utunzaji wa mbao na mapezi, niwe msaidizi wa Fanueli. Fulana imenibana kidogo. Nimeokoka na mwani! Nimecheza peke yangu chumbani, mlango nimeufunga.

Jumatatu, 2 Februari

Siku ya kwanza kazini. Kazi tamu, wali wa nazi na samaki. Wageni wawili wameniita mtaalamu.

Lakini mtu mwenye kipaji hawezi kubaki msaidizi. Nimekaa nikachunguza kosa langu lilikuwa wapi, na nimelipata, liko wazi kabisa. Nilimfanyia Fanueli ubaya, akapata kazi. Dawa yake basi ni kumfanyia wema.

Nimemtolea pezi lake chini ya magunia. Nimelipiga msasa, nimelisafisha ncha, nimelifunga kwa mkono wangu na kukaza skrubu zote mbili barabara. Fanueli amenishukuru hadi macho yakamlenga machozi.

Maskini, hajui kinachomngoja.