Kigiriki Mlangoni kwa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Nimechoka. Kutwa nzima juu ya ngazi, napaka dari la watu. Jioni, darasa la Kigiriki cha kale. Mchungaji anatufundisha wazee wa kanisa. Leo maneno mawili. Hina ni kama "ili" yetu: kusudi, lile mtu analolitaka. Hoste ni kama "hata": tokeo, linalofuata, ulitake usilitake. Atatupima Jumamosi; mshindi atahubiri Jumapili. Mimi miaka yote ni kusoma matangazo tu. Fundi cherehani, mzee mwenzangu darasani, akaniuliza kama nitayajifunza au nitayapaka chokaa. Nikacheka kwa adabu. Bwana anisamehe nilichomwombea.

Jumanne, 4 Machi
Kichwa hakishiki. Hina naiweza: kitenzi chake hugeuka, kama sisi tunavyosema "ili nije". Hoste ina sura mbili: tokeo la kutarajiwa na lililotokea kweli. Hapo napotea. Dawa ni kuyaandika ninapopita. Kopo la rangi nyekundu limebaki. Hina juu ya mlango wa jikoni. Hoste juu ya mlango wa chumba cha mama mkwe, mgeni wetu, unaotazama barabara. Herufi yake ya kwanza imepinda vizuri, kama pembe mbili. Nilijisifu kidogo, nikatubu.

Jumatano, 5 Machi
Mama mkwe amekataa kupita chini ya pembe. Katoka kwa kupitia dirishani, na magoti yake yale mabovu. Akauliza ni mkwe gani anayemtegea mama wa mwenzake vitu vyekundu mlangoni. Nikamweleza ni neno la matokeo. Akasema ndiyo hayo anayoyakimbia. Mke wangu akaniambia, baba watoto, futa. Nimesugua na tapentaini mpaka vidole vinawaka. Rangi ya mafuta, bora kabisa, nilichagua mwenyewe. Imetanuka tu. Sasa inaonekana kutoka barabarani.

Ijumaa, 7 Machi
Mama mkwe kahamia kwa shemeji. Mke wangu alimsindikiza jana, hajarudi. Nimekula mkate mkavu. Fundi cherehani alikuja kunipa pole. Alisimama muda mrefu chini ya mlango, midomo ikicheza. Nilidhani ananiombea.

Jumamosi, 8 Machi
Alikuwa anakariri. Alipoulizwa hoste akajibu sura zote mbili, na mfano juu: mtu alipaka mlango hata mama mkwe akahama. Mchungaji alicheka mpaka akavua miwani. Fundi atahubiri. Mimi nimepumzishwa hata matangazo, mpaka nyumba yangu itulie.

Jumapili, 9 Machi
Mahubiri yalikuwa mazuri, ndiyo yaliyoniuma. Mke wangu alikaa na mama yake benchi la mbele. Hakugeuka. Nyumba ni kubwa mno kwa mtu mmoja.

Jumatatu, 10 Machi
Nimesali, nimeelewa kosa langu. Neno moja, peke yake, lazima litishe. Mtu anahitaji sentensi nzima. Basi alfajiri nimekwenda na ngazi kwa shemeji, wakiwa bado wamelala. Nimeandika msamaha kamili juu ya mlango wao, kwa Kigiriki, pamoja na hina, ili mke wangu arudi. Nyekundu nimeiacha. Nimetumia nyeusi, ili mama asiogope. Nimechemsha chai ya watu wawili, nasubiri.