Tiara Moja kwa Rada ya Mama

Jumatatu, 10 Juni
Hili sijamwambia mtu yeyote: tangu nizaliwe sijawahi kumpungia mama mkono. Miaka kumi na tano! Manowari yake ikitoka au ikiingia bandari yetu hapa Den Helder, Uholanzi, watu hujaa juu ya tuta la bahari, wanapunga, wanapiga kelele. Mimi nafunga kamba za viatu. Aibu tu. Shuleni tunasomeshwa kwa Kiholanzi na Kiingereza. Mimi hunyamaza kwa zote mbili.
Hujitetea kwamba hanioni hata hivyo. Kazi yake ni rada, ndani ya chumba kisicho na dirisha, katikati ya meli. Unampungia nani, chuma?
Ijumaa anarudi, baada ya miezi mitano. Safari hii lazima ajue nilikuwepo.

Jumatano, 12 Juni
Kila Jumatano melini kwao hula wali wa Kiindonesia na mishikaki ya karanga. Kwa hiyo bibi yangu, Oma Trijn, naye hupika huohuo, ili tule na mama ingawa hayupo. Mama akapiga simu tukiwa mezani. Nikamchimba kijanja: rada yenu inaona vitu vidogo? Akacheka. Akasema manowari yao, frigeti, imejengwa kulinda anga, meli nyingine zote zinaitegemea na kupokea amri kutoka kwao, inaona hata shakwe akijikuna.
Nimepata! Tiara. Tiara iliyofunikwa foili! Itang'aa kwenye kioo cha rada yake. Salamu bila kelele, bila watazamaji. Nikamwambia Ijumaa aangalie vizuri upande wa tuta. Akasema taratibu kwamba ataangalia.
Akili ninazo!

Alhamisi, 13 Juni
Foili ya Oma imekwisha. Analalamika: keki ya tufaha ya mama ataifunika kwa kitu gani? Nikasema labda panya. Akauliza ni panya gani huyo anayefungua droo na kuifunga.
Jirani yetu Wubbo, ambaye baba yake ni fundi wa mitambo kwenye meli hiyohiyo, ameanika shuka uani: KARIBU BABA, pamoja na simba aliyemchora mwenyewe. Simba anafanana na Oma akiamka. Wubbo akanipigia kelele juu ya uzio: we Bwana Kimya, kesho unakuja kufunga viatu tena?
Kumbe anajua! Nitamwonyesha.

Ijumaa, 14 Juni
Maafa.
Nilijificha nyuma ya kigari cha samaki wa kukaanga, chini ya tuta. Upepo wa hapa hauna adabu. Tiara ikapanda, ikang'aa, ikapiga mbizi ndani ya ndoo ya mayonezi. Mwenye kigari akaniita mshenzi mdogo. Nikairusha tena. Ikamnasa shakwe. Tulipomaliza kugombana, mimi na shakwe, meli ilikuwa imeshapita.
Gatini mama akanikumbatia kwa nguvu. Akasema rada kubwa huzimwa wakikaribia bandari. Akasema baada ya ile simu alimwomba mkuu wake ruhusa, safari hii asimame nje kwenye sitaha na wenzake. Alilipungia mkono tuta zima, mwanzo hadi mwisho, akinitafuta. Alimwona Oma. Alimwona simba wa Wubbo. Na wote walimcheka mwendawazimu mmoja aliyekuwa akipigana na shakwe.
Halafu akatazama kichwa changu. Akachomoa unyoya nyweleni, polepole.

Jumapili, 16 Juni
Unyoya ameuweka mfukoni mwa sare yake. Nimeuona.
Oma anasema safari ijayo niinue tu mkono, haulipiwi. Wubbo anasema hivyohivyo, kwa dharau kidogo, kisha akanipa kipande cha shuka lake nifanyie mazoezi ya kupunga.
Nimefikiri sana. Nimelielewa kosa langu. Septemba mama akiondoka atakuwa nje, si ndani. Kwa hiyo rada ya nini? Foili ya nini? Kinachotakiwa ni kioo! Kile kikubwa cha kabati la Oma. Nyuma ya kigari cha samaki, nimrushie jua usoni. Hakuna atakayeniona. Skrubu mbili nimeshazilegeza.
Nyayo. Ni mama, hupanda ngazi zetu kana kwamba ni za meli. Anauliza kwa sauti nani amechukua bisibisi.
Daftari hili chini ya godoro. Bisibisi pia. Haraka, kitasa cha mlango kinazu—